Aliyeingia kwa Mama

Bugomora, 14 Machi 1934

Mdogo wangu Kamugisha,

Salamu za nyumbani. Kahawa imeiva vizuri, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Umesikia kwamba Askofu amefariki. Alikuja kutoa kipaimara, akakuta tauni imetuingilia. Nilimzuia mlangoni kwetu.

"Baba Askofu, usiingie. Ugonjwa huu unaua."

"Ndani yuko nani?"

"Mama yangu."

Alinitazama, kisha akaingia peke yake. Alimpaka mafuta matakatifu, akamnywesha maji mpaka mama alipokata roho. Siku ya sita naye akafa, tukamzika huku, mbali na ndugu zake wa Ulaya.

Nisamehe, Kamugisha. Kabla Askofu hajafika, Mama aliniita siku mbili nzima, nami nilisimama uani kwa woga.

Ni mimi kaka yako,
Rwezaura