Usimfumulie Waylon Kikapu Tena

Jolene mjukuu wangu,

Nimekwenda kupika kanisani. Mkate wa maharagwe umo sufuriani. Loweka chane za mwanzi, zimekauka.

Mdogo wako Waylon yuko kwenye banda la kuku, anasema amehamia huko. Asubuhi amekuta umekifumua kikapu chake na kukisuka upya, kimenyooka. "Bibi, hiki si changu tena," akaniambia. Na jana ulimwambia hata wale wanaojifanya Wacherokee wenzetu kwenye sinema hawasuki vibaya hivyo! (Nilicheka. Nisamehe.)

Mwombe radhi. ~~Msaidie kuanza kingine.~~ Hapana. Mpe chane aanze mwenyewe, wewe ikalie mikono yako. Itawasha, najua. Ulipokuwa unajifunza wewe, niliikalia yangu majira yote ya baridi.

Bibi yenu