Bandama Yako, Mama

Mama, shikamoo. Marahaba nimeshajiitikia mwenyewe, maana kwa ukimya wako huo nitangoja mpaka Kiyama.

Arobaini yako imepita. Watu walijaa, ubwabwa ulitosha, na yule jirani uliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi ndiye aliyelia kuliko wote. Wembe wako na kichupa cha dawa ya bandama vimebaki kwangu. Kijiji kizima cha Zinga kinasema nimerithi mkono wako.

Unakumbuka ule mwezi wa Rajabu ulipoanza kushika ubavu wa kushoto? Ukila matonge matatu, umeshiba. Nikasema twende hospitali, ukanicheka: "Miaka yote nawachanja watu bandama, leo ya kwangu nikaoneshe wengine?" Ukafunua ubavu, ukalala mkekani, ukaniambia nisitetemeke, kwani mkono unaotetemeka unaumiza mara mbili. Nikakuchanja chale mistari mitatu, nikapaka dawa. Ukasema, "Ahsante, mwanangu." Nami, astaghfirullah, nikaona fahari. Ikapita Ramadhani, ikapita Idi, uvimbe ukafika kitovuni, ndipo ukakubali nikupeleke hospitali.

Yule daktari wa kike wa huko, uliyemwita "kitoto hiki", nilirudi kwake baada ya arobaini. Sikwenda kushukuru. Nilikwenda kumuuliza kama nimekuua.

Alinikalisha akanieleza taratibu. Kumbe bandama si adui, Mama. Damu hupita humo ikaguliwe, na pembezoni mwake hukaa chembe za kinga, kama walinzi wa mlangoni, zikinasa vijidudu. Ndizo zilizokulinda na homa maisha yako yote. Chembe moja ikaharibika. Badala ya kufa zamu yake ilipokwisha, ikazaana, ikajaza nyumba nzima. Ndiyo limfoma yako, saratani ya walinzi wenyewe. Sisi tulidhani ni bandama ya malaria, kwa sababu kwetu bandama ikivimba, basi, ni malaria.

Akasema ugonjwa ule huenda polepole, pengine ulikuwa nao miaka, kisha ukabadilika ukawa mkali. Miezi ile mitatu huenda isingebadili mwisho. Nikashusha pumzi. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba maumivu yako yangeweza kupunguzwa. Lo, Mama! Nililia pale pale kitini.

Sasa sikiliza. Alhamisi iliyopita amekuja Bi Tatu kutoka Mkange, kuku kwapani, anakuulizia. Msiba hakuusikia. Nikamlaza, nikapapasa ulivyonifundisha, na kitu kipo, kigumu. Nikashika wembe, sikufichi. Mkono ukagoma. Nikamwambia kweli: mama alivimba hivi hivi, nikamchanja mwenyewe, na amekufa kwa saratani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Akanitazama kama nimekutukana kaburini. Lakini aliinuka, tukaenda wote hospitali. Majibu yake bado. Inshallah iwe malaria tu.

Habari zimeshaenea. Mama Mkubwa hanisalimii. Anasema nimeitupa baraka ya mamaake na ya mdogo wake. Inaniuma, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Wewe uliipokea kazi hii kwa Bibi, nami ndiye ninayeikata. Najua ungenifokea. Nifokee, Mama, natamani nikusikie.

Nakuahidi jambo moja. Atakayekuja nitampapasa kwa vidole ulivyonifundisha, kisha nitamshika mkono mpaka kwa daktari, hata akininunia njia nzima. Nisamehe kwa maumivu ya miezi ile. Mungu akulaze pema. Wa kwanza kuchanjwa na mkono wangu ulikuwa wewe, Mama, na wa mwisho ni wewe.

Mwanao,
Mwanaidi