Dada Jaji Ameondoka Bila Kula

Jumapili, Waa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, nami sijatoka chumbani ila kwa swala.

Jana tulimfanyia karamu dada yangu Mwanajuma. Ameapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa. Alianza uhakimu mbali na kwetu, akahamishwa huku na kule, akapanda hadi Mahakama Kuu, na sijasikia mtu akisema amekula rushwa. Kwenye usaili, ulioonyeshwa kwenye televisheni, aliulizwa kama jamaa zake humwendea kwa ajili ya kesi. Akajibu, "Nyumbani kwetu wananijua." Nilipiga makofi.

Na jana nikamleta Bwana Athmani.

Ndiye mwenye duka ninamofanya kazi, Ukunda, na ana rufaa ya kiwanja cha Diani. Aliniambia anataka kutoa salamu tu. Nilijua si salamu. Nilitaka anione nami ni mtu.

Dada ndiyo kwanza amenawa mikono. Mama alikuwa jikoni na shangazi zangu. Athmani akaamkia vizuri, akaketi, kisha akasema, "Mheshimiwa, ile rufaa yangu ya kiwanja itafika kwako. Unikumbuke."

Dada akanigeukia. "Hamisi, wewe ndiye uliyemleta?"

"Ni mgeni wetu, dada."

"Basi kesi yake siwezi kuisikiliza. Na nitalazimika kueleza sababu. Nitakutaja."

Hakupandisha sauti. Akaenda jikoni, akambusu mama mkono, akaomba radhi kwamba ana dharura, akaondoka.

Wageni walipotawanyika, mama akalia. "Cheo kishampanda kichwani. Hata wali wangu hakuuonja." Shangazi wakaitikia kwamba kweli, amebadilika.

Nilikuwa papo hapo, kikombe mkononi.

Nikaenda kukiosha.

Dada angeweza kumwambia mama ukweli pale jikoni. Alinisitiri. Leo, nilipotoka kuswali, amepiga simu, na mama ameitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Nimeona haya hata kuinua uso.

Nimeacha kuandika kidogo, nikaenda ukumbini. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikaketi sakafuni mbele yake, nikamweleza yote, mpaka maneno ya Athmani.

Hakunigombeza. Ameweka ungo chini, akachukua simu, akaingia chumbani kwake kumpigia dada.

Mlango ameufunga. Nami sijathubutu kubisha.