Tone la Mkono wa Kushoto

Mbotela, Jumapili, Julai 1998

Baridi imetukalia. Jua halijaonekana tangu asubuhi. Nimejifunika blanketi la mke wangu, Mama Nduku, kwa sababu langu amelichukua yeye. Ndivyo tunavyoishi.

Leo niliogopa. Naandika hivyo ili kesho nisijifanye kwamba sikuogopa.

Mama Nduku ana ugonjwa wa sukari, na daktari alishatuambia kwamba vidonge vikishindwa, ataanza kudungwa sindano kila siku. Sindano yenyewe haimtishi. Anachoogopa ni kuwa kama dada yake, aliyeanza na sindano, akakatwa mguu, kisha tukamzika. Kwa Mama Nduku mambo hayo matatu ni njia moja isiyo na pa kuchepukia.

Mchana binti yetu Nduku alikuja kutoka chuo kikuu, anakosomea kemia, akiwa na kimashine cha kupima sukari, kidogo cha kutosha mfuko wa shati. Mama yake aliingia kutoka kibandani, anapomenya na kuuza miwa, akanawa, tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Tulipokuwa tukila, nilimwuliza Nduku kimashine kinajuaje.

Alinieleza polepole, kama nilivyokuwa nikimfundisha kusoma. Kwenye ncha ya kipande cha plastiki kinachonyonya damu pamepakwa kimeng'enya. Katika yote yaliyomo ndani ya damu, hicho huitambua sukari tu, kikainyang'anya elektroni, na kimashine kikapima umeme huo mdogo. Shida ni kwamba kimeng'enya huzificha elektroni ndani kabisa, kama parachichi linavyoficha kokwa. Katika vipande vya sasa kuna kemikali inayozibeba hadi nje. Huko maabara wao wanajaribu dhahabu: chembe ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haizioni, na zikiwa ndani ya maji huwa nyekundu, si za manjano.

"Ni kama mawe ya kuvukia mto, Baba. Elektroni inakanyaga jiwe, inafika ng'ambo."

Niliacha kula kidogo. Mto wetu ulikuwa na mawe kama hayo. Hapo ndipo nilipomwona Mama Nduku mara ya kwanza, mzigo wa miwa kichwani, akivuka bila kutazama chini. Sasa mawe yale yako chini ya maji ya bwawa, pamoja na shamba na makaburi, na sisi tuko hapa tangu Nduku hajazaliwa.

Vyombo vilipoondolewa, Nduku alifungua kimashine.

"Mwaitu, leta kidole."

Mama yake alitoa mkono wa kushoto. Tone likanyonywa na kile kipande. Tukangoja. Ishirini na mbili.

Asiye mgonjwa huwa hazidi nane. Nduku alikisoma kimashine mara ya pili.

Mama Nduku alivuta mguu wake mmoja chini ya leso. "Basi wauchukue ule mwingine. Ule ndio wenye chunjua."

Hatukucheka.

Kisha akatia kidole mdomoni anyonye damu, kama afanyavyo akijikata kibandani. Akasita. "Nduku, mbona kidole changu kina ladha ya muwa?"

"Aai, Mwaitu! Si nilikumiminia maji mwenyewe?"

"Ulinimiminia wa kulia. Huu wa kushoto nimekula nao lini?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Maisha yetu yote tumenawa hivyo: mkono wa kulia juu ya beseni, wa kushoto pajani ukisubiri. Na akimenya miwa, kisu kiko kulia, muwa uko kushoto. Kimashine hakikudanganya. Kiliulizwa kama kuna sukari, kikasema ipo.

Nduku alileta maji ya vuguvugu na sabuni. Alimwosha mama yake mkono wa kushoto, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka chini ya kucha, akaukausha kwa upindo wa sweta yake.

"Unaniosha kama maiti."

"Kama mtoto, Mwaitu. Tulia."

Kidole kingine, tone jingine. Mimi nilitazama ukuta.

Tisa.

"Tisa si nzuri sana," Nduku alisema. "Lakini tisa ni ya vidonge."

Mama Nduku akaunyoosha mguu tena, taratibu, akauweka juu ya paja langu. Ulikuwa baridi. Niliusugua mpaka ukapata joto.

Binti ametuachia kimashine. Atakapofaulu na dhahabu yake, labda tone dogo zaidi litatosha. Namwombea afaulu. Vidole vya mama yake vimechomwa vya kutosha.

Nafikiri juu ya kile kitu kidogo kinachotafuta sukari peke yake katika damu yote ya mtu na kuiona. Mimi hata mkono nilioishi nao miaka yote hii sikuuona.

Asubuhi, kabla hajagusa muwa, nitachukua birika nimmiminie maji mwenyewe. Mikono yote miwili.