Mgongo wa Mume Wangu

Jumamosi, 2 Machi

Wiki ya saba ya ndoa! Bado nikiamka namtazama kwanza, nihakikishe hajaenda popote. Yupo. Analala kiubavu, amejikunja kama mabano yaliyosahaulika kufungwa. Mume wangu!

Leo nimempima shati. Nashonea mtaa mzima, halafu mume wangu anavaa ya dukani — aibu yangu. Nikamsimamisha karibu na cherehani, nikazungusha tepu: shingo, kifua, kiuno, nikichelewa makusudi kila mahali. Akauliza kama wateja wote nawapima hivi. Nikamjibu kwamba wateja wote hawanukii hivi.

Halafu mgongo. Shingoni hadi kiunoni, nyuma, inchi ishirini. Mbele, kumi na sita na nusu. Nikarudia mara tatu. Nyuma huzidi mbele, ndiyo, lakini kidogo tu! Nikamuuliza kama amemeza mto. Alicheka, ila alivaa haraka mno. Akasema ni kazi; miaka minane anainamia saa za watu. Sawa. Fundi saa lazima ainame. Nitakata kipande cha nyuma kirefu zaidi, pindo likae sawa, na hakuna atakayejua. Ndiyo raha ya kuoa fundi!

Jumanne, 5 Machi

Shati limekaa! Nyuma halipandi, kola haikimbii shingo. Kinyozi jirani amesema ndoa imemnyoosha mtu. Nimevimba kichwa siku nzima.

Baadaye alikuwa anaosha vyombo (anaosha vyombo! bila kuombwa!), akashika ukingo wa sinki. Maumivu, katikati ya mabega. Tangu lini? Tangu shule, akasema. Lakini saa alianza kuzishika baada ya shule. Nimempigia hesabu hiyo usoni, akarudia vyombo vyake. Kinyozi analaumu mto mrefu. Mama mkwe, kwenye simu, analaumu kusoma kitandani. Mimi sijui wa kumlaumu. Keshokutwa ni hospitali, hata kama ni kwa kumbeba.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari wa mifupa ni mama mfupi, mkavu, hacheki bure. Alimlaza kifudifudi akamwambia anyanyue kifua. Kilima cha mgongoni hakikushuka. Mgongo uliozoea kuinama tu, alisema, hunyooka ukiamriwa. Huu uligoma. Eksirei.

Nimemwona mume wangu hadi mifupa! Hata mifupa yake ni mizuri. Ila mitatu ya katikati ya mgongo imebonyea mbele, kama kabari. Panga kabari juu ya kabari, ukuta lazima uiname. Kwa hiyo si saa, si mto, si vitabu. Ilikua hivyo yenyewe akiwa kijana. Kibiongo, akasema daktari bila kumung'unya maneno, na mume wangu akatazama viatu vyake. Nikamminya mkono.

Kumbe vibiongo vina asili nyingi. Kuna cha uzeeni, mifupa ikichakaa. Kuna cha kifua kikuu kikiingia kwenye uti wa mgongo, na hicho dawa zake humezwa miezi mingi. Chake ni mazoezi ya kuimarisha mgongo, vidonge siku mbaya, na kurudi kupimwa baada ya mwaka. Upasuaji ni kwa waliopinda kuliko yeye, au miguu ikianza kufa ganzi. Nikauliza kuhusu mkanda wa kunyoosha mgongo. Huo ni kwa mifupa inayokua bado, daktari akasema. Kwake umechelewa.

Mwisho akauliza kama kwao yupo mwingine, maana hali hii hutembea ndani ya ukoo. Mume wangu akasema hakuna. Hata hakufikiri.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi! Analala sakafuni, taulo limekunjwa chini ya mgongo, mikono kaitandaza. Mimi nahesabu. Nikifika saba namrudisha tatu, yeye hajagundua. Leo kagundua. Tumecheka hadi kinyozi akagonga ukuta.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi, mdogo wa mume wangu, amekuja kupimwa sare ya shule. Ana miaka kumi na mitatu, pipi shavuni, maneno hayaishi. Nyuma, inchi kumi na saba. Mbele, kumi na nne na robo.

Nikajifanya nimeangusha chaki.

Nikamwambia apande juu ya meza ya kukatia, alale kifudifudi, anyanyue kifua. Akauliza hiyo ni sare ya shule gani, wifi, ya nyoka? Nikacheka. Kilima hakikushuka. Anasema humuuma akikaa sana darasani. Na mama humchomekea rula nyuma ya gauni wakati wa kula, ili aache kujikunja kwa aibu. Alinisimulia kama kichekesho. Nikaenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Mume wangu aliporudi kazini nikampa karatasi yenye zile namba mbili, bila jina. Akaisoma, akakaa. Hakuuliza ni za nani.

Basi akasema. Yeye naye alikula na rula, miaka mitatu. Halafu siku moja mama yake alilia, akasema ni yeye aliyemharibu, kwa kumbeba sana mgongoni na kumfunga vibaya alipokuwa mchanga. Tangu hapo mama hakuligusa tena jambo hilo. Naye akaanza kuvaa makoti, ili mama asione. Mgongo wa mdogo wake ameuona muda mrefu, ila aliogopa mama atajilaumu tena. Ndiyo maana kwa daktari alisema hakuna.

Nimekasirika! Hasira ya kwanza ya ndoa yetu, na ilikuwa kubwa kweli. Nikamwambia, "Wewe umechelewa. Yeye bado."

Aliikunja ile karatasi ya namba mara nne. Kisha akasema, "Mwambie mama wewe. Wewe ndiye unayejua kupima."

Mimi! Mkwe wa wiki tisa, nikamwambie mama mkwe kwamba wanawe wawili wamepinda? Nitarudishwa kwetu nimejitwika cherehani kichwani. Nikamwambia hapana, mpenzi, hilo ni lako. Akageukia saa ya mteja, ambayo nina hakika ilikuwa nzima.

Jumapili, 17 Machi

Tuko kwa mama mkwe. Naandika jikoni kwake, nimekalia ndoo, kwenye karatasi niliyoichana kutoka daftari la vipimo.

Chakula kilipita salama. Mama amesema nimenenepa, tena kwa furaha ya kutisha. Halafu akamgeukia wifi: jinyooshe, binti, nani atakuoa umejikunja hivyo? Nikamtazama mume wangu. Akasimama, akatoka. Nikajua amekimbia.

Hakukimbia. Alirudi na ile bahasha ya hospitali — alikuja nayo, hakuniambia! Akaitoa picha ya eksirei, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa viganja viwili.

"Mama, huyu ni mimi," akasema. "Hukuniharibu wewe. Mifupa ilikua hivyo yenyewe. Na mdogo wangu naye anayo hali hii, ila yeye bado anakua, mkanda utamfaa."

Mama akasogea, akaitazama picha. Akauliza huyo daktari alijuaje kwamba si kubebwa. Akajibiwa kwamba mifupa ilibonyea akiwa kijana, miaka mingi baada ya kubebwa. Mimi shujaa nikasema nakwenda kuchemsha chai.

Chai imechemka mara mbili. Sijaipeleka. Namsikia wifi anauliza kama mkanda huvaliwa juu ya sare au ndani, maana kama ni ndani, mimi nitalazimika kushona upya. Nitashona kumi! Kaka yake anamwambia ukweli: saa nyingi kila siku, hata kulala nao, mwaka au zaidi. Namsikia wifi akivunja pipi kwa meno.

Nimechungulia. Mama amesimama nyuma ya mume wangu, ameweka kiganja katikati ya mabega yake, anakipitisha polepole, juu, chini, kama anayetafuta alipokosea. Mume wangu hasogei. Picha bado ameishikilia dirishani, mikono imeanza kumchoka, na hakuna anayemwambia aishushe.