Sindano ya Mama

Temeke, Jumanne jioni

Bado nimemkasirikia mama. Miezi minne ameficha uvimbe kwenye titi kwa kuogopa kisu, na mie binti yake nalala naye chumba kimoja.

Leo hospitali nilimshika mkono. Daktari, kijana mpole, alimpa shikamoo kwanza, kisha akamwonyesha sindano nyembamba.

"Sikukati, mama. Navuta kidogo tu, tukaangalie kwenye darubini."

"Na kama ni kansa?"

"Tutaijua mapema."

Mama akafumba macho. Bomba la sindano likajaa maji ya manjano, na uvimbe ukanywea palepale mbele yetu. Daktari akasema hiyo ni dalili nzuri, ila majibu kamili ni Ijumaa. Hiyo Ijumaa naiogopa, sitajidanganya.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungepata usingizi?"

Nikamsongea ugali wa yanga, ule wa unga wa mahindi ya manjano, ambao tangu mwaka jana anaula kwa kununa. Akaumaliza, akajilamba vidole, akaniuliza kama umebaki.

Nikampa wangu.