Ulisema Unakwenda Kuongeza

Mke mwenzangu Milembe,

Mwangaluka. Nimeanza na salamu kwa sababu mtu hanyimwi salamu hata kama umemkasirikia, na mimi hata hizo nguvu za kukukasirikia sina tena. Hasira ziliisha, umebaki uchovu. Nakuandikia kwa ajili ya Kabula, mwanao. Ametimiza miaka saba, yuko darasa la kwanza, na mwalimu wake anataka cheti cha kuzaliwa. Kwenye fomu ya cheti kuna mstari wa jina la mama mzazi. Mstari huo umenikalisha wiki nzima na kalamu mkononi kama mtu ambaye hajui kuandika, mimi katibu wa kikundi, mimi niliyekuwa nakuandikia hata meseji za kwenda kwenu Nassa.

Sijui uko wapi. Mmoja alisema amekuona Kalemela unaanika dagaa. Mwingine akasema uko Dar, unauza mitumba. Kwa hiyo barua hii naiachia watu wote. Nimewaomba akina mama wa kikundi waitume kwenye simu zao, huko na huko, mpaka ikufikie. Wanaoisoma watanisema sana. Waniseme tu, nimeshazoea.

Nianzie siku ile ya hoteli ya Mhindi pale Bariadi, maana baada ya siku ile hatujaongea tena, na kabla yake pia tulikuwa hatuongei. Tulinuniana tangu palizi ya pamba mpaka mavuno. Kisa chenyewe ukimsimulia mtu leo atacheka: kuku wako kaingia jikoni kwangu kamwaga maziwa niliyoyagandisha. Wewe ukasema kuku hana akili, mimi nikasema na mwenye kuku vilevile, basi, ugomvi ukaota mizizi. Baba Masanja, mume wetu, akawa mjumbe wa nyumba yake mwenyewe. "Mwambie mwenzio chumvi imeisha." "Mwambie na yeye ana miguu, dukani anapajua." Akachoka, mwanaume wa watu.

Ndipo akaja na mpango wake. Huko anakopeleka pamba alikuwa amesikia kwamba kuna Mhindi kafungua hoteli karibu na stendi, na kila Jumapili mchana kuna bufee, mtu anakula mpaka mwenyewe aseme basi. Akalipia kabisa, akatuita wote wawili uani. "Nendeni mkale. Mkirudi nataka nisikie mnaongea." Akaingia zizini haraka, asije akasikia jibu.

Tulipanda mshikaki kwenye pikipiki moja, wewe nyuma, mimi katikati, Kabula mgongoni kwako, ana mwaka mmoja na nusu. Ulikuwa na begi kubwa. Sikukuuliza, kwa kuwa tulikuwa hatuongei. Tungekuwa tunaongea ningekuambia, "We Milembe, begi lote hilo la nini, unahama?" Pengine ungecheka, pengine ungelia. Sijui, na kutokujua huko kumenichosha kuliko kazi yoyote ya shamba.

Tukafika, tukachagua meza, tukakaa. Tukasubiri. Unakumbuka tulivyokaa pale kama wageni wawili, mikono mapajani, tukingoja kuletewa maji ya kunawa na kukaribishwa? Watu wanatupita na sahani zimejaa, na sisi tunawashangaa, kwamba hawa mbona hawana adabu, wanaingia kwenye sufuria za mwenye nyumba. Mpaka yule mhudumu mwenye sharubu, Msukuma mwenzetu, akatuonea huruma. "Mayu, hapa hakuna anayekuletea. Unasimama, unajipakulia unachotaka." Haya! Ningejua ningekunywa uji nyumbani, njaa isingenisumbua nusu saa nzima.

Ukasimama wewe. Ulirudi na sahani moja tu, umeijaza wali wa njano, dengu, bhajia, mikate yao ile mipana, mchuzi juu ya mchuzi, ukaiweka katikati yetu. Nilikutazama, Milembe. Miezi yote ile hujanipa hata salamu, lakini ulileta sahani moja, kwa sababu wanawake wa kaya moja wanakula chombo kimoja na wewe hukuwa umefikiria namna nyingine. Nikavuta kiti. Tukaanza kula, mkono wako huku, mkono wangu huku, kimya.

Wewe ndiye uliyeanza. Ulishika kipande cheupe kwenye mchuzi, ukakigeuzageuza, ukakiuliza chenyewe badala ya kuniuliza mimi: "Hii nyama gani haina hata mshipa?"

Nami nimezaliwa Kimali, nimekulia kwenye ng'ombe, nilipotafuna tu nikajua. "Siyo nyama. Ni maziwa."

"Maziwa? Ndani ya nyanya?"

"Yamegandishwa, yakakamuliwa, yakakatwa."

"Basi yule kuku wangu angekuja huku wangemwajiri."

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Wewe ukanigonga mgongoni huku na wewe unacheka, na watu wa meza ya jirani wakageuka. Ukamwita mhudumu ukamuuliza kama hawana samaki, hata sato mmoja mdogo. Akasema, "Mayu, hawa hawali kitu chenye macho." Ukajishika kichwa, "Yaani mimi wa Nassa ndiyo nimekufa njaa," na huku unamega mkate wa tatu. Nilifurahi siku ile. Nakuambia sasa kwa sababu nadhani hukujua. Nilisema moyoni kwamba Baba Masanja ana akili kuliko tunavyomfikiria.

Kisha yule mhudumu akarudi na sahani ya pili. Akaomba samahani, kwamba bosi anataka kila mtu awe na sahani yake. "Ikiisha, unakwenda kuongeza. Kuongeza ni ruhusa, hata mara kumi." Akaniwekea yangu mbele yangu, ile ya kwanza akakusogezea wewe.

Ulilidaka lile neno. "Kumbe ndiyo maana Baba Masanja anapapenda hapa," ulisema. "Kuongeza ni ruhusa!"

Ulikuwa utani, na ulikuwa utani mzuri, umejitania na wewe mwenyewe. Leo naweza kuucheka. Lakini wewe ndiye uliyeongezwa, Milembe, mimi ndiye niliyeongezewa, na ukiwa upande wangu neno hilo halichekeshi sana. Siku mume aliponiambia ameamua kuongeza mke nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua, na jibu la siku ile likanikaa kooni miaka mitatu. Likatoka pale, kwenye meza ya Mhindi. Nilikuambia, na mdomo wangu bado una kicheko: "Wewe mwenyewe, ukimtoa huyu mtoto, ulikuja kuongeza nini kwenye nyumba ile?"

Ukaacha kutafuna. Sikujali, nilidhani unatafuta la kunijibu, maana ulikuwa hukosi la kujibu. Ukafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. Ukamfungua Kabula mgongoni, amelala fofofo, ukaniwekea mapajani. "Nishikie," ulisema. Ukachukua sahani yako. "Ngoja nikaongeze."

Nikakungoja. Nilikula polepole ili tumalize pamoja. Niliona watu wamejipanga kwenye mikate nikasema na yeye atakuwa kwenye foleni. Foleni ikaisha. Nikasema ameenda chooni. Nilipomuuliza mhudumu, akaniambia mwenzio alitoka zamani, sahani ameiacha pale penye vitu vitamu, tupu, amepita akielekea stendi. Mimi bado nikamwambia, "Anarudi." Nikakaa mpaka wanakunja vitambaa vya meza. Kabula akaamka, akakutafuta kwa macho, akalia, nikamlambisha mtindi kwa kidole.

Pale pale nilifungua begi lako nitafute nguo ya kumbadilisha. Nikakuta nguo zake zote, hata sweta, kofia yake, kadi ya kliniki, na chini kabisa kanga zako mbili na zile ndala zako za kutokea. Unajua nilihisi nini? Nilipumua. Nikasema, kumbe alishafungasha asubuhi, na neno langu nimelisema mchana, basi siyo mimi. Hilo ndilo nililomwambia Baba Masanja. Ndilo nililowaambia majirani, na ndilo nililokwenda nalo mpaka Nassa kwa mama yako. Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Na kanga zake alizifunga pamoja na nguo za mtoto?" Nikajibu ndiyo. Akaniambia wabeja, asante, akanisindikiza hadi njiani.

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa, sina hakika. Lakini wiki hii, nimekaa na ile kadi ya kliniki na fomu, nimechoka hata kujidanganya. Mtu anayetaka kumwacha mtoto hafungi kanga zake mwenyewe kwenye begi la mtoto halafu akaliacha. Ulikuwa unaondoka naye. Mlikuwa mnaondoka wote wawili, kimyakimya, na pengine ungeniaga kwa kunichekesha vile. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba bila yeye hukuongeza kitu, na wewe ukaniachia yeye. Nisamehe, mdogo wangu. Nimechelewa miaka mitano na ushee, lakini nisamehe.

Sasa nikueleze yalivyo huku, kwa kifupi. Pamba mwaka huu siyo mbaya. Mgongo wangu ndio mbaya. Baba Masanja ameongeza tena, kabinti kapole kutoka upande wa Meatu, kananiita mama badala ya dada, na mimi safari hii mdomo nimeufunga kwa kufuli. Kakipika namsifia hata kama chumvi imezidi.

Na Kabula. Ana paji lako la uso, na anashika kijiko kwa kushoto, tumemkataza mpaka tumechoka. Anacheka kwa sauti mpaka anakaa chini. Ananiita mayu, mama kabisa. Hakuna aliyemfundisha, alianza mwenyewe, na mimi sikumsahihisha, kwanza kwa sababu alikuwa mdogo, halafu kwa sababu nilipenda. Akiumwa halali kwa mtu mwingine. Juzi kanipokea ndoo ya maji bila kuambiwa, kaibeba kichwani inamwagika yote, kafika nusu ndoo, kalowa, eti "Mayu, pumzika."

Baba Masanja aliposikia habari ya fomu alisema, "Andika lako tu, yaishe." Kwake mambo yote yanaisha hivyo. Na kweli lingekuwa jambo dogo. Ile kadi ya kliniki yenye jina lako ingepotea, nani angeuliza? Jina langu lingekaa pale, serikali ingegonga muhuri, na siku ukitokea mlangoni ungekuta mtoto ana mama. Nililitaka hilo, Milembe, nililitaka mpaka nikaliandika kwanza kwenye gazeti la kufungia vitumbua, nione litakavyopendeza.

Jana jioni nimeandika lako. Milembe, na jina la baba yako, kwa herufi kubwa kama walivyoagiza. Kabula alikuwa amesimama begani kwangu, siku hizi anasoma kila anachokiona, hata makopo ya dawa za ng'ombe. Akasoma kwa kidole, Mi, le, mbe. "Mayu, ni nani huyu?"

Nikamwambia ni mama yako aliyekuzaa. Alikwenda safari ukiwa mdogo. Alikufungia nguo zako zote.

Hakulia wala kushtuka. Akauliza, "Anakuja lini?"

Nilijifanya natafuta mfuniko wa kalamu. Leo asubuhi nimeipeleka fomu kwa mtendaji, imepokelewa, na kuanzia sasa karatasi zote ziko upande wako. Ukija kumchukua sitabishana na wewe wala sitakwenda kwa wazee. Nguo zake nitazifunga mwenyewe. Haki yako nimeiandika kwa mkono wangu, na ilikuwa lazima niiandike, maana sikuwa na kitu kingine cha kukurudishia.

Lakini mimi si malaika, mdogo wangu, na nimechoka, na huyu ndiye anayeniambia nipumzike. Kama barua hii imekufikia, kaa ukijua mwanao ni mzima, anasoma, jina lako analijua. Tuma salamu, nitamsomea. Njoo umwone siku yoyote, utakula, utalala. Ila kumchukua, Milembe, nakuomba kwa magoti yote mawili, usije.

Mke mwenzio mkubwa,
Mama Masanja